Chafya kwa Jina la Tatu

"Dada Nabwile, naomba nikukosoe kidogo, usikasirike."

"Karibu sana, mpenzi msikilizaji. Jina lako na unapopigia?"

"Naitwa Jepchirchir. Nauza viazi hapa soko ya Kitale. Mimi nasema huyo mgeni si mapenzi. Huyo mgeni ni mtoto."

Ndani ya studio ya Redio Upepo, mjini Bungoma, Nabwile akacheka kile kicheko chake cha hewani, kile ambacho wanaume wa Webuye hadi Kimilili wanakiota. Nyuma ya kioo, Tonny wa mitambo aliinamia meza ili asionekane anacheka vingine.

"Mtoto, Jepchirchir?"

"Mtoto mchanga. Kwetu mtoto akizaliwa, wamama wanakaa na yeye, wanataja majina ya wazee wenye walishaenda. Wanataja, wanataja, mpaka mtoto apige chafya. Jina yenye amepigia chafya ndiyo yake. Sasa Wakhungu ameimba kitu ameona na macho yake. Hiyo si fumbo, dada. Hiyo ni taarifa ya habari."

"Asante kwa maoni. Lakini mashairi yana ndani na nje. Chafya hapa ni moyo kushtuka. Jina la kwanza ni penzi la ujana, la pili ni lile lililomuumiza, na la tatu..."

"La tatu ni wewe."

"Umesema wewe, si mimi!"

"Haya dada. Lakini siku moja muulize huyo mtoto ako na miezi ngapi."

Simu ikakatwa. Nabwile akaupiga wimbo tena, kwa mara ya tatu siku hiyo.

Kama humjui Nabwile, basi hukai upande wetu. Kipindi chake kinaitwa Fumbua, saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Mnatuma wimbo, yeye anaufungua: msanii aliposema mto alimaanisha nini, aliposema kuku mweupe alikuwa anamtupia nani dongo. Ana kipaji, tusimnyime. Lakini pia alikuwa na maringo ya mtu anayesifiwa kila siku, na hilo nalo tusimfiche, maana ndilo lililomponza.

Kwa wiki tatu, wimbo uliokuwa ukifumbuliwa ulikuwa mmoja tu, Mgeni wa Mvua ya Kwanza, na mwimbaji wake alikuwa Wakhungu wa Bokoli, mpiga litungu, kile kinubi cha Wabukusu, na mchumba wake. Jumamosi ya wiki hiyo wazee wa Wakhungu walikuwa wanakuja kwa kina Nabwile kuzungumza mahari. Senge Phelista, shangazi yake aliyemlea, alikuwa amekwisha kununua kuku na kuazima viti kwa majirani wanne.

Na wimbo wenyewe unakwenda hivi:

*Mgeni wa mvua ya kwanza, umenikuta sijajipanga.*
*Nimeacha viatu mlangoni, bati jekundu, mkabala na ghala la mahindi.*
*Jina la kwanza, kimya. Jina la pili, kimya.*
*La tatu, la mzee wangu wa Bokoli, ukapiga chafya, nami nikalia.*

Nabwile aliufungua mstari kwa mstari. Bati jekundu ni damu ya mapenzi. Ghala la mahindi ni subira. Viatu mlangoni ni mwanamume aliyeacha tabia zake za zamani nje. Watu walipiga simu wakilia. Akina mama wa Bungoma walimwambia amebahatika.

Jioni hiyo Wakhungu alimpigia.

"Nimekusikia leo," alisema. "Nilikuwa hapa Webuye kwa fundi, nikamwambia aongeze sauti. Huyo mama wa viazi alikusumbua."

"Alisema mgeni ni mtoto."

Wakhungu alinyamaza kidogo. Ilikuwa kidogo sana, lakini Nabwile analipwa mshahara kwa kusikiliza.

"Watu wa soko, bana," akasema. "Si wewe ndio unanielewa? Mimi naimba tu. Wewe ndio unajua nimeimba nini."

Siku nyingine zote maneno hayo yangemlainisha.

"Hiyo chafya uliitoa wapi?"

"Ilikuja tu. Wimbo unakuja na vitu vyake. Mbona unaniuliza kama askari?"

"Nauliza kama mtu wa redio."

"Basi Ijumaa si nakuja studio? Utaniuliza yote mbele ya watu. Jumamosi wazee wako kwenu. Halafu tukijaliwa, kijana wa kwanza tunamwita Makokha, kama babu yangu. Si tulikubaliana? Sasa unataka nini zaidi, mpenzi?"

"Hakuna," Nabwile alisema, na alitaka sana iwe kweli.

Nyumbani Nabwile alimkuta Senge Phelista akipepeta mchele.

"Senge, mimi nilipewaje jina?"

"Wewe? Wewe ulitusumbua! Ulilia siku mbili, usiku na mchana. Tukataja nyanya wa upande huu, unalia. Tukataja wa upande ule, unalia. Mtu akasema jaribuni Nabwile. Ukanyamaza hapo hapo, ukalala."

"Kuna mtoto wa kwetu alipiga chafya akapewa jina?"

Senge akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe hutaga.

"Chafya ni homa. Kwetu mtoto analia, akipata jina lake ananyamaza. Hiyo ya chafya ni ya watu wa mlimani. Kwani nani amepiga chafya?"

"Hakuna, senge. Ni mambo ya kazi."

Wakhungu ni Mbukusu wa Bokoli kama yeye alivyo Mbukusu. Katika ukoo wao wote hakuna mtoto aliyepiga chafya akaitwa mtu. Kama Wakhungu aliiokota chafya, hakuiokotea nyumbani.

Jumatano asubuhi alifika kazini mapema.

"Tonny, meseji za Mgeni bado ziko?"

"Ziko zote. Zile ulisoma, na zile uliniambia niruke."

"Nionyeshe zile nilikuambia uruke."

Tonny alikuwa na mke na watoto wawili, na alijua sauti ya mwanamke ambaye mambo yamemwendea kombo. Alifungua kompyuta bila kuuliza swali.

*Dada hongera kwa kipindi, lakini hapo ni mtoto anapewa jina. Kipngeno, Kapsokwony.*

*Huyo baba amepata kijana, mpe pongezi. Chepkemoi, Kwanza.*

*Mbona unazunguka mbali? Ni bebi. Jelimo, Endebess.*

Zilikuwa zaidi ya arobaini. Zote zilitoka upande wa mlimani na Trans Nzoia. Nusu ya wasikilizaji wake walikuwa wanajua kwa wiki tatu, na walikuwa wamemwambia kwa upole, mmoja baada ya mwingine.

"Tonny, ulijua?"

"Nilijua watu wanasema. Nilikuambia ile wiki ya kwanza."

"Nikasema nini?"

"Ukasema sina sikio ya mashairi."

Ni kweli alisema hivyo. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akachukua simu ya stesheni na kuitafuta namba ya jana.

"Jepchirchir? Ni Nabwile wa Fumbua."

"Uuui! Aki si unitoe redioni, nimevaa vibaya!"

"Haturushi hewani. Nataka kukuuliza. Hapo Kitale kuna ghala la mahindi ambalo mbele yake kuna nyumba ya bati jekundu?"

Jepchirchir hakucheka.

"Bati nyekundu ni mingi," alisema polepole. "Lakini yenye inatazamana na ghala ni moja, hii barabara ya kuenda Endebess. Dada, huyo msanii ni mtu wako kweli?"

"Ni mchumba wangu."

"Basi usiende peke yako. Kuja kesho, nitaacha viazi na mtu."

Alhamisi saa nne asubuhi walikutana sokoni. Jepchirchir, mwanamke mpana mwenye aproni ya mifuko miwili, alimkagua kutoka juu hadi chini.

"Kumbe wewe ni kidogo hivi! Redioni unasikika mtu mnene."

Walipanda tuktuk. Malori ya mahindi yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, madereva wakisubiri zamu ya kupima. Mbele ya geti la ghala, ng'ambo ya barabara, palikuwa na nyumba ndogo ya mawe yenye bati jekundu. Bati lenyewe lilikuwa bati. Lilipakwa rangi, likababuka kidogo pembeni.

"Mimi nakungoja hapa kwa tuktuk," Jepchirchir alisema. "Ukiniita nitasikia."

Nabwile alivuka barabara. Alipofika mlangoni, aliangalia chini akaona viatu.

Vilikuwa viatu vya kahawia vya mwanamume. Kimoja kilikuwa na kamba ya kahawia, kingine kamba nyeusi. Kamba hiyo nyeusi aliifunga Nabwile mwenyewe, kwa vidole vyake, siku ile ya kahawia ilipokatika. Viatu alivinunua yeye, Bungoma, siku ya kuzaliwa kwa Wakhungu. Mwezi wa pili Wakhungu alimwambia vimeibwa kwenye shoo Malakisi, naye akampa pole akamwambia atamnunulia vingine.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana, futi ya kupimia nguo shingoni. Ndani, cherehani ilikuwa na kitambaa cha sare ya shule. Redio ndogo ilikuwa juu ya kabati.

"Habari yako," Nabwile alisema.

Mwanamke akaziba mdomo kwa mkono.

"Hiyo sauti! Wewe ni Nabwile! Wewe ni mulamwa!"

Kwetu mulamwa ni ndugu wa mume wako, au mke wa ndugu yako. Nabwile alishika fremu ya mlango.

"Nani alikuambia uniite hivyo?"

"Si ni baba Makokha! Alisema wewe ni dada yake wa ukoo, binti ya ba'mkubwa wake, hayo ya mapenzi redioni ni mchezo wa kipindi tu, na siku utafika nikuite mulamwa. Mimi ni Cherop. Ingia, ingia! Toa tu viatu, nimepiga deki. Hapa hata yeye anatoa, hizo zake zinakaa hapo hata akienda."

Nabwile akavua viatu, akaviweka kando ya vile vya kahawia. Hakujua afanye nini kingine.

Katikati ya zulia, juu ya leso, mtoto wa kiume alikuwa amekaa akitafuna kijiko cha mbao. Alikuwa na meno mawili ya chini. Alikuwa na kile kipaji cha uso cha kina Wakhungu, kipana, chenye mkunjo katikati kama mtu anayekumbuka kitu.

"Huyu ndiye mgeni mwenyewe," Cherop alisema kwa furaha. "Mgeni wa mvua ya kwanza. Alizaliwa ile wiki mvua ilianza. Mama yangu na shangazi zangu wakataja majina. La kwanza kimya, la pili kimya. Mama akauliza, kwa kina baba yake je? Wakhungu akasema babu yangu aliitwa Makokha. Walipotaja tu, huyu akapiga chafya! Baba yake akalia kama mtoto, hapo hapo umesimama."

"Alilia," Nabwile alisema.

"Alilia sana. Ndio akatunga wimbo. Lakini mulamwa, wewe una maneno! Siku ulisema bati yetu ni damu ya mapenzi, alikuwa hapa. Alianguka kwa hiyo kiti akicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, huyo dada yangu ukimwonyesha sufuria atakuambia ni moyo."

Cherop alikuwa anacheka bila ubaya wowote. Mtoto naye akacheka kwa sababu mama yake amecheka. Nabwile alikaa kwenye kiti, kisha akakumbuka ni kiti gani, akainuka.

Kuwa na mwanamke mwingine, wanaume wanakuwa nao, na wanawake huumia wakapona. Lakini alikuwa amechekwa. Kila alipokaa kwenye kipaza sauti akiyapamba mapenzi yake mbele ya kaunti mbili, mtu aliyempenda alikuwa ameketi hapa bila viatu, akishika mbavu.

"Nikupe chai au maziwa lala?" Cherop aliuliza. "Mbona uso umebadilika?"

"Cherop, kaa kidogo. Jumamosi Wakhungu atakuwa wapi?"

"Bungoma huko. Ako na shughuli ya kupiga litungu, kwa mahari ya watu fulani."

"Hiyo mahari ni yangu."

"Yako?"

"Mimi si mulamwa wako. Mimi si dada yake. Jumamosi wazee wa Bokoli wanakuja kwetu kunichumbia. Kwa niaba ya Wakhungu. Hivyo viatu vilivyo mlangoni nilimnunulia mimi."

Cherop hakupiga kelele. Aliketi juu ya leso kando ya mtoto na kumtoa kijiko mdomoni, kisha akamrudishia. Nje, lori lilipiga honi getini kwa ghala.

"Aliniambia viatu alinunua Eldoret," alisema mwishowe.

"Mimi aliniambia vimeibwa Malakisi."

"Kwetu alikuja na wazee wawili. Baba yangu akawapokea vizuri. Walisema ng'ombe wanakuja Disemba." Machozi yalianza kumtoka. "Nabwile, ulikuwa unajua?"

"Haki ya Mungu sikujua."

"Lakini alikuimbia yote! Nyumba, ghala, mtoto, mpaka babu. Ulisikia kila siku!"

"Nilisikia," Nabwile alisema. "Kwetu mtoto hulia, Cherop. Chafya sikuijua, nikaipa maana yangu. Na nilipenda ile maana yangu."

Wakalia pamoja, wanawake wawili ambao dakika kumi kabla mmoja alikuwa akimwita mwenzake mulamwa. Nabwile akamchukua mtoto. Alitaka kumchukia, akashindwa. Makokha akamvuta hereni.

"Kesho anakuja studio," Nabwile alisema mlangoni akivaa viatu vyake.

"Utamuuliza?"

"Nitamuuliza. Usimwambie nimefika hapa."

"Simu yake sitashika. Nitafungua redio."

Ijumaa saa kumi kasoro tano Wakhungu aliingia studio akinukia manukato, litungu mkononi, shati jeupe limepigwa pasi.

"Niaje Tonny! Kesho si unakuja kula kuku?"

"Tutaona," Tonny alisema, na macho yake hayakutoka kwenye mitambo.

Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji wa Fumbua, leo mwenye wimbo yuko hapa," Nabwile alianza. "Wakhungu, karibu."

"Asante mpenzi. Na ninawasalimia wakwe zangu wote, kesho tunakuja!"

"Wiki tatu nimekuwa nikiwafungulia watu wimbo wako. Leo nataka ufungue mwenyewe. Bati jekundu ni nini?"

"Si ulishasema? Damu ya mapenzi." Akapiga nyuzi mbili tatu, tamu.

"Ghala la mahindi?"

"Subira."

"Na mzee wako wa Bokoli, jina lake nani?"

"Babu yangu. Makokha."

"Kwa hiyo jina la tatu ni Makokha. Si mimi."

Vidole vya Wakhungu vikatulia juu ya nyuzi.

"Jina la tatu ni... unajua wimbo una ndani na nje, mpenzi."

"Mimi leo niko nje tu. Jana nilikuwa Kitale, barabara ya Endebess. Bati jekundu nimeliona, linahitaji rangi. Ghala liko mbele yake, lina malori. Viatu viko mlangoni, kimoja kina kamba nyeusi niliyoifunga mimi. Mama wa nyumba sitamtaja, ni mtu mzuri na amekosewa kama mimi. Nauliza kitu kimoja. Aliyepiga chafya ni nani?"

Redioni, kimya ni kosa la jinai. Tonny anajua, Nabwile anajua, ndiyo maana kila mtangazaji ana maneno ya akiba. Siku hiyo Nabwile hakusema kitu. Tonny aliweka mkono kwenye kitufe cha muziki, akamwangalia, akautoa. Katika Bungoma nzima, mafundi waliacha kushona na wenye vibanda waliacha kupima sukari, kila mtu akidhani redio imeharibika.

"Nabwile, tuongee nje," Wakhungu alinong'ona, akisahau kwamba kipaza sauti hakijui mnong'ono.

"Ulisema niulize mbele ya watu."

Wakhungu akakasirika. Wenye makosa wengi wakibanwa hukimbilia huko.

"Sawa! Ni mtoto wangu. Lakini mimi sikukuficha! Niliimba! Niliimba kila kitu, nyumba, barabara, mpaka jina ya babu. Nani aliambia watu ni subira, ni damu, ni nini? Ni wewe! Mimi niliimba wazi, wewe ndio ulinifichia!"

Hilo lilimchoma, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Macho yalimjaa. Akayaacha yajae.

"Ni kweli nilikufichia," alisema. "Na watu wa mlimani waliniambia, nikawaruka. Nawaomba msamaha, Kipngeno, Chepkemoi, Jelimo, wote. Lakini wewe, Wakhungu, ulijua kwetu mtoto hulia. Ulijua chafya sitaielewa. Uliniimbia mtoto wako usoni, ukaenda Kitale, ukavua viatu, ukaketi ukanicheka. Hukuimba wazi. Uliimba mahali unajua ninapotazama kwingine."

"Nabwile, mimi nakupenda."

"Hilo nalo sitalifumbua. Waambie wazee wa Bokoli kesho wasitoke nyumbani."

Wakhungu aliinuka, litungu likagonga meza likatoa sauti ya ovyo, akatoka. Simu zikawaka zote sita. Tonny akachagua moja.

"Fumbua, karibu," Nabwile alisema, sauti ikimtetemeka.

"Dada, ni mimi yule wa viazi." Jepchirchir alikuwa analia pia. "Leo sina ya kukosoa. Kunywa maji."

Jumamosi viti vya kuazima vilikaa uwanjani bila mtu. Senge Phelista alikuwa amempigia mzee wa Bokoli mwenyewe asubuhi, akamweleza kwa maneno machache yasiyochapishika. Kuku walikuwa wamekwisha kuchinjwa, kwa hiyo walipikwa. Nabwile alikaa jikoni na macho mekundu, hali, hasemi.

Simu ikaingiza ujumbe.

*Mvua imeninyeshea ndani ya nyumba. Litungu langu limekatika uzi. Wakhungu.*

Kwa miaka miwili, ujumbe kama huo ungemfanya akae saa nzima akiupekua. Akaandika: *Sema unachotaka kusema.*

Dakika zikapita. Kisha: *Nisamehe. Nirudie. Cherop amenifungia geti.*

Haya sasa. Nabwile aliyasoma mara moja tu. Akaandika *Hapana*, akatuma, akalia sana, na Senge akamwacha alie mpaka alipomaliza.

Jua lilipokuwa likichwa ujumbe mwingine ukaingia, kutoka namba ya Kitale. Hapakuwa na neno hata moja, ila picha. Geti la bati limefungwa na kufuli. Chini yake, upande wa barabarani, viatu vya kahawia, kimoja na kamba nyeusi.

Senge Phelista aliinama juu ya bega lake na miwani yake.

"Ni nini hiyo umetumiwa? Hizo viatu zinamaanisha nini?"

Nabwile akapangusa uso, akavuta sahani ya kuku karibu.

"Ni viatu, senge," alisema. "Viko nje."